Pete ya Ndege wa Bi Zanura

Huko Shikani watu hawasalimiani kwa kuulizana hali. Anayekutana na mwenzake njiani humuuliza, "Ulikuwa wapi?" na aliyeulizwa, kama amelelewa vizuri, hujibu, "Sikuwa popote," kisha naye huuliza, na akishajibiwa vivyo hivyo wanaagana roho zimetulia. Kidawa hakuyajua hayo. Siku aliyoingia, mlinzi wa lango alimuuliza alikuwa wapi, naye, kwa kuwa alikuwa msichana mkweli na tena mwoga wa watu waliovaa kofia, akaanza kumweleza: kwao ni wapi, mito gani alivuka, nyumba za nani alilala. Mlinzi akainamisha uso kwa aibu. Waliopanga foleni nyuma wakaanza kukohoa, na mama mmoja akamziba mwanawe masikio.

"Binti," mlinzi alisema kwa sauti ya chini, "mambo hayo mtu humwambia hakimu."

Kidawa alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha wanyamapori, na chuo hicho kilikuwa kando ya bonde lenye vichaka vizito. Kila mwaka, mvua za vuli zikianza, walifika kwenye vichaka hivyo ndege wadogo wa rangi ya kahawia, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, wakakaa humo hadi masika yakolee, kisha siku moja hawapo. Wanakijiji hawakuwa na jina la ndege hao. Chuoni waliwanasa kwa nyavu laini kama nywele, wakawapima uzito ndani ya vifuko vya kitambaa, wakawavisha mguuni kipete cha bati chenye namba, wakawaachia. Kidawa aliifanya kazi hiyo kuliko wenzake wote. Alipomshika ndege mkononi aliuhisi moyo wake ukienda mbio, na kila alipofungua vidole alijiuliza: unakwenda kwa nani? Alimwambia mwalimu wake kwamba hilo ni swali la utafiti. Mwalimu akamwamini.

Basi akafuata upande walikoelekea, akauliza, akapotea, akauliza tena, na hatimaye akafika Shikani.

Yapo mengi ya kueleza kuhusu nchi hiyo, lakini lililo kubwa ni kwamba wivu kwao si ugonjwa wala aibu. Ndio kipimo. Mume ambaye mkewe hamuulizi alikuwa wapi huenda mahakamani akilia, na hakimu humwamuru mke amwonee wivu mumewe kwa muda usiopungua msimu mmoja, mbele ya mashahidi. Mwalimu asiyempendelea mwanafunzi yeyote hufukuzwa kazi kwa kosa la ukavu wa moyo. Rafiki mpya haruhusiwi kuingia nyumbani mpaka rafiki wa zamani amtukane kidogo mlangoni, na akishatukanwa hukaribishwa vizuri sana, akapewa chakula.

Na kitu wanachokionea wivu kuliko vyote ni ndege. Ndege yule yule wa kahawia. Shikani humwita mwenyeji. Huja miti inapochipua, kila nyumba yenye ua wa miti hupata wake, na tangu alfajiri huimba wimbo ambao watoto hufundishwa sehemu zake kabla ya kufundishwa majina ya babu zao. Wimbo huo, husema sheria yao, ulizaliwa Shikani na hausikiki kwingine. Mwenyeji mwenyewe hukaa huko muda usiofika hata theluthi ya mwaka, lakini anayeikumbusha hesabu hiyo hadharani huitwa mchochezi.

Zamani waliunda Idara ya Waendao, yenye jengo refu na ngazi nyingi, kazi yake ikiwa kutafuta mwenyeji anaishi wapi miezi ile mingine. Ndani ya idara kulikuwa na makundi mawili yasiyosemezana. Wanamwezi walishikilia kwamba hupanda mwezini. Wanatope, ambao ndio walikuwa na nguvu, walishikilia kwamba hujizika kwenye tope chini ya ziwa akalala.

"Je, mmewahi kuchimba hilo tope?" Kidawa alimuuliza ofisa mmoja wa idara, siku aliyokwenda kuomba ruhusa ya kufanya utafiti.

Ofisa akamtazama kwa huruma. "Tuchimbe ili iweje?"

"Mpate kuona kama wamo."

"Na tusipowaona?" Ofisa aliinama juu ya meza. "Dada, ndege aliye topeni yuko peke yake. Umenielewa? Yuko peke yake. Mimi nina mwenyeji nyumbani kwangu, na usiku nataka kulala."

Akamnyima ruhusa.

Kwa kuwa habari za langoni zilikuwa zimekwisha kuzagaa, hakuna nyumba ya wageni iliyokubali kumpokea binti anayesimulia alikokuwa. Aliyempokea ni Bi Zanura, mshonaji wa mapazia, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye ulimi kama sindano zake. Bi Zanura hakuwa na heshima tena ya kupoteza. Msimu ule mwenyeji wake alikuwa amerudi na pete mguuni.

Pete, Shikani, ni ndoa. Hakuna maana nyingine. Mji mzima ulikuja kuchungulia uani kwa Bi Zanura, ukaiona pete ikimetameta kwenye mguu ule mwembamba, ukarudi nyumbani ukinong'ona. Kwa mara ya kwanza wanatope walikosa la kusema, maana hakuna sonara ndani ya tope.

Asubuhi ya kwanza Kidawa alipotoka uani alimkuta jirani, Bi Tamima, ameegemea ua kwa upande wake, mswaki mdomoni.

"Bi Zanura, shoga yangu," jirani alikuwa akisema, "mume wa watu kaamkaje? Pete haimbani?"

"Inambana kidogo," alijibu Bi Zanura akianika shuka. "Lakini amezoea. Wako je, shoga? Maana huyo kaenda karudi, hakuna aliyemfunga hata uzi."

Bi Tamima akautoa mswaki mdomoni, akaurudisha, akaingia ndani.

Kidawa hakucheka. Alikuwa amemwona ndege juu ya tawi. Aliiona pete, na akaona jinsi kingo zake zilivyokutana kwa upogo. Wenzake chuoni walizibana sawa. Yeye tu, kwa kuwa mikono ilimtetemeka kila alipoogopa kumuumiza ndege, alizibana upogo.

Kisha ndege akaanza kuimba.

Kwanza ulisikika mlio kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu, do-do-do-do, ukishuka taratibu. Kidawa akageuka kumtafuta dudumizi, ndege wa vichaka vya kwao, na hapakuwa na dudumizi. Akaja tetere. Akaja chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, vile anavyolia akigombana ndani ya maua. Akaja shore, yule mmbea aliyekuwa akitua juu ya paa la jiko la chuo. Vyote vilitoka kwenye koo moja, haraka, vikiingiliana, vimeshonwa mpaka usione mshono. Kilikuwa ni kichaka cha kwao chote, asubuhi ya kwao nzima, kikiimbiwa mshonaji wa mapazia.

Kwao ndege yule hakuimba. Aliguna tu ndani ya majani, tena mara chache. Alikuwa ameketi miezi yote hiyo akisikiliza, kimya, karibu na dirisha la Kidawa, halafu akabeba alichosikia akaja kukitoa huku.

"Umesikia?" Bi Zanura aliuliza. Macho yake yalikuwa na machozi na hakujali. "Hutasikia hivyo mahali pengine."

"Ni mzuri," Kidawa alisema.

"Mzuri? Sufuria ndiyo nzuri. Huyo mwache."

Siku chache baadaye alikuja Mheshimiwa Kitasa, Mwangalizi Mkuu wa Waendao, akiwa na tundu la fito na wasaidizi wawili. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo na sauti ya kubembeleza. Alieleza kwamba sheria iko wazi. Mwenyeji aliyevishwa pete kwingine lazima azuiwe, asiondoke tena. Baraza litaketi, na shitaka likithibitika, ndege wenyeji wote wa nchi watawekwa matunduni kabla ya majani kugeuka rangi, kwa ajili ya mapenzi.

Wakamnasa ndege, wakamtia tunduni, wakaliacha tundu pale barazani kwa Bi Zanura mpaka siku ya kesi.

Kidawa alijua jambo ambalo Shikani hawakulijua, kwa sababu hawajawahi kumzuia mmoja. Ndege wa aina ile, siku zake za safari zikifika, halali wala hali chakula. Hujipiga kwenye fito upande uleule anakotaka kwenda, mpaka mabawa yanachanika na kifua kinavuja damu, na hafiki mwisho wa msimu. Kidawa alikuwa amelisoma hilo vitabuni na kuhadithiwa na walimu walioliona. Alimweleza Bi Zanura, kwa kusitasita, wakiwa wanamenya viazi.

"Atakufa, mama."

Bi Zanura hakuinua macho. "Atafia kwangu."

"Mama..."

"Nimesema atafia kwangu. Nilikuwa naumia kwa kutojua. Sasa najua, na naumia zaidi. Yupo mtu huko amemshika mguu wake kwa mkono wake. Mimi sijawahi hata kumgusa." Akakata kiazi vipande viwili. "Nikimjua mtu huyo, sijui nitamfanya nini."

Kidawa aliweka kisu chini. Mtu mwenye haya akiamua kusema, husema vibaya, kwa ghafla.

"Ni mimi. Pete nilimvisha mimi."

Bi Zanura alimtazama. Alianza kwenye kitambaa cha kichwa, akashuka polepole hadi kwenye vidole vya miguu, akapanda tena.

"Wewe," alisema. "Hata kiuno huna."

Hakumfukuza. Wangesema nini majirani, kama angemfukuza mke mwenza usiku unaingia? Alimaliza viazi vyake, akaosha mikono, akaketi mbele ya mgeni wake na kuanza kumhoji kama askari. Analala wapi? Kichakani, kwenye mvinje. Anakula nini? Wadudu, na visubi wadogo wanaotoka kwenye mito. Mvua je? Hujikunyata, majani humkinga. Bi Zanura alisikiliza kila jibu kana kwamba anameza kitu kichungu chenye dawa ndani yake.

"Na anakuimbia nini?"

Kidawa aliinuka kufagia maganda ya viazi. "Nitasema barazani," alijibu.

Usiku huo hakuna aliyemtakia mwenzake usingizi mwema.

Baraza la Shikani ni ukumbi usio na viti vya pembeni, kwa sababu aliyekaa pembeni huenda anamtazama mtu. Wote huketi wakielekea mbele. Tundu liliwekwa juu ya meza. Mheshimiwa Kitasa alimkaribisha shahidi kwa upole.

"Binti, kwenu huyu anaitwaje?"

"Kijijini hana jina, mheshimiwa. Hatumwiti chochote."

Wote ukumbini wakakunja nyuso. Walikuwa wamejiandaa kwa majina matamu, na wengi walikuwa wamekwisha kuyawazia usiku kucha.

"Hamumwiti?"

"Wengi hawajui kama yupo. Chuoni ana namba."

"Umemvisha pete," Mheshimiwa alisema taratibu, "na unamwita kwa namba."

"Ndiyo."

"Na ni huyu peke yake uliyemvisha?"

Kidawa akatazama miguu yake. "Wengi, mheshimiwa. Ndiyo kazi yetu."

Mnong'ono ulipita ukumbini kama upepo kwenye mahindi makavu. Mzee aliyekuwa msemaji wa wanatope aliomba maji. Nyuma huko sauti ya Bi Tamima ilisikika ikisema, si kwa sauti ndogo sana, "Na wangu akamruka."

Hapo ndege akaimba. Pengine ni mwanga wa dirishani, pengine ni kelele za watu. Aliimba ndani ya tundu, wimbo wote, na watu wa Shikani wakafumba macho. Kidawa hakuyafumba.

"Huyo ni dudumizi wetu," alisema.

Mheshimiwa akafumbua jicho moja.

"Na huyo ni tetere. Huyo ni chozi, analia hivyo akigombana. Huyo ni shore wa jikoni kwetu. Hamna chenu hapo. Kila kitu amekichukua kwetu."

Aliyasema yote bila kupaza sauti, na kwa sababu hiyo yalisikika hadi mlangoni. Baadaye alijilaumu, lakini wakati ule alijisikia vizuri mno.

Jambo lililofuata ni la kawaida kwa nchi ile. Baraza liliunda kamati papo hapo ya kuusafisha wimbo. Waliamua kwamba sehemu za kigeni zitajwe moja moja na kufutwa, na kitakachobaki ndicho watoto watakachofundishwa. Walimwomba Kidawa, kwa adabu, aendelee kunyoosha kidole. Ndege aliimba, Kidawa akataja, kamati ikafuta. Wakafuta dudumizi, wakafuta kurumbiza, wakafuta kanga wa porini, wakafuta kile kijimlio kidogo ambacho Shikani walikiweka kwenye bendera. Mwishoni mwenyekiti wa kamati alisimama akitokwa na jasho.

"Kimebaki pale anapovuta pumzi," alisema.

Bi Zanura akauliza kutoka alipoketi, "Na pumzi ni yenu pia?"

"Hapana, mama," Kidawa alisema. "Pumzi ni yake."

Mheshimiwa Kitasa alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu jambo liishe kwa kifungu cha sheria, na kifungu alikuwa nacho. Alikisoma. Kosa la anayependwa, kilisema, si kwenda wala kukaa wala kulisha mwili. Kosa ni kumwimbia mwingine.

"Kwa hiyo lipo swali moja," alisema. "Binti, pete tumeiona. Miti na mvua tumesikia kwa Bi Zanura. Huko kwenu, alikuimbia?"

Kidawa alimtazama ndege, ambaye sasa alikuwa ametulia kwenye ufito, kifua kikipanda na kushuka. Alimtazama Bi Zanura. Mshonaji alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, na vidole vilikuwa vyeupe. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Neno moja tu, na mwanamke yule angejua jinsi ilivyo kusimama uani kwa mtu mwingine ukisikia vitu vyako. Wangeumia wote, nchi nzima, na yeye angerudi kwao akiwa ndiye aliyeimbiwa. Na ndege angejipiga kwenye fito mpaka afe.

"Hajaniimbia," alisema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nimekwenda kichakani alfajiri, nimekaa mpaka umande umeingia kwenye nguo, nimezuia hata kikohozi. Hunyamaza." Alimgeukia Bi Zanura. "Nilitaka sana aniimbie. Nimekuja mpaka huku kujua anamwimbia nani, na nilipomsikia nilitamani asiimbe popote."

Pale ndipo watu wa Shikani walipomwelewa kwa mara ya kwanza. Mtu mmoja akanyanyuka, akamsogezea kiti. Mwingine akaguna ule mguno wanaowagunia ndugu zao msibani. Bi Zanura aliachia benchi.

Hukumu ilitolewa kabla ya chakula cha mchana. Kwa kuwa mwenyeji alinyamaza ugenini, na kwa kuwa kunyamaza ndiko kuwa mwaminifu, hana hatia, wala wenzake hawana. Wanatope walipata nguvu mpya na kupiga makofi. Mahali ambako ndege hukaa kimya, msemaji wao alieleza, kwa maana pana ni tope, na Idara ya Waendao ikaazimia kwamba nchi ya Kidawa iandikwe kwenye ramani kama aina ya tope. Kidawa hakupinga. Wimbo nao ulirudishwa wote kama ulivyokuwa, maana hakuna aliyejua namna ya kumfundisha mtoto kuvuta pumzi peke yake.

Tundu lilifunguliwa uani kwa Bi Zanura. Jioni ile Bi Tamima alipita nyuma ya ua, akamwita Kidawa kwa kidole, akamuuliza kwa siri kama kwenye mkoba wake haikubaki pete nyingine, hata iliyopinda.

Wiki zilizofuata nyimbo zilipungua zikawa kuguna, na asubuhi moja miti ya Shikani iliamka kimya. Kidawa alimkuta Bi Zanura amesimama chini ya tawi, mikono imekunjwa kifuani.

"Kaenda," alisema Bi Zanura.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe bado uko hapa unafanya nini? Atafika kule akae na nani?"

"Nilidhani hutaki nimwone."

"Sitaki. Lakini kama ni lazima aonwe na mtu, bora nimjue mtu huyo." Aliingia ndani, akatoka na mkoba wa Kidawa, tayari umefungwa. Ni wazi ulikuwa umefungwa tangu jana. "Sikiliza. Yule wa maji kwenye kibuyu, msimfukuze karibu na kichaka chake. Na kama wapo wengine wenye sauti ambao hajawasikia, waacheni wasogee. Mwaka ujao nataka aje na kitu kipya."

"Sawa, mama. Na wa Bi Tamima?"

Bi Zanura alifikiri. "Huyo mwelekeze upande wa mabata."

Walishikana mikono, na kwa muda hakuna aliyeachia wa kwanza. Kisha Kidawa akatoka langoni. Aliondoka akitembea pole pole, moyo umetua, akifikiria kichaka cha kwao na asubuhi zinazokuja. Hakuwa amefika mbali alipoanza kuongeza mwendo. Alikuwa amekumbuka kwamba kati ya Shikani na kwao zipo nchi nyingine nyingi, zenye mito na miti, ambako ndege mchovu lazima atue, na hakuna aliyejua huko hutua kwa nani, wala kama humwimbia.